Mparachichi Nilioupeleka Shambani kwa Emiliana

Vijana wangu wa shuleni, walimu na wewe uliyeshika jembe langu, siku ya kuniaga mlisema niandike. Nadhani mlisema kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Mimi nimelichukua kama lilivyosemwa. Nimeandika kwa kalamu kwenye daftari, na mwalimu atakayelichapa nimemwambia arekebishe herufi, asiguse maneno. Nimesoma mpaka darasa la pili. Barua ninazoandika zinafika na watu wanazielewa, hiyo inanitosha.

Mambo ya vyeo siyaandiki kwa kuwa sikuwa na cheo. Niliajiriwa mtunza bustani na nimestaafu mtunza bustani. Katikati hapo nilifundisha watoto sehemu za mmea kwa miaka zaidi ya ishirini, na mara moja, kwa mche mmoja wa parachichi, nusura nimwondoshe mama mjane kwenye shamba alilokuwa akilishia watoto wake. Hilo la mjane ndilo hasa ninalotaka mlisome. Lakini nitaanza mwanzo, maana mkilisoma peke yake mtaniona mjinga. Nilikuwa mjinga kweli, ila mjinga mwenye ujuzi, na huyo ndiye anayeharibu zaidi.

Kwetu ni Singida. Nililetwa Turiani nikiwa binti, baba akikata miwa na mimi nikipalilia. Nilipoolewa, mume wangu alipata kazi ya ulinzi katika shule ya huku juu, kwenye milima, ukishapita Mkuyuni unaacha barabara ya Matombo na kupanda kwa miguu. Nilifika nikiwa na sufuria mbili na jembe langu mwenyewe. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliniangalia, akaliangalia jembe.

"Umesoma mpaka wapi, mama?"

"La pili."

"Unajua nini?"

"Kulima."

"Hapa kila mtu anajua kulima."

"Mbona bustani yenu imekufa, basi?"

Nikaajiriwa. Nasema hivi ili ninyi vijana mnaokwenda kuomba kazi na bahasha nene mjue kwamba kuna siku bahasha haisaidii. Bustani yenyewe ilikuwa mawe yaliyopakwa chokaa, mchaichai mbele ya ofisi, na nyuma ya madarasa kipande cha ardhi chenye mteremko ambacho mvua ilikuwa inakihamishia bondeni kila masika. Mwaka wa kwanza nilifanya makinga maji tu, nikapanda majani ya kushika udongo. Watu walinicheka kwamba napanda majani ya mbuzi. Mwaka wa pili palikuwa na mahindi, kabichi, karoti na viazi, na kicheko kikahamia kwingine.

Kufundisha kulianza kwa kosa la adabu. Nilikuwa napalilia chini ya dirisha la darasa la nne, na ndani Mwalimu Felista, mwalimu wa sayansi, alikuwa amechora ubaoni mmea wa muhindi. Alichora vizuri, majani yamepinda kama ya kweli, mishale imenyooka. Ila gunzi alikuwa amelisimamisha juu kabisa, mahali pa mbelewele. Nikacheka. Sikukusudia, lakini mimi nikicheka nasikika mpaka ng'ambo ya korongo.

Mwalimu Felista akaja dirishani. "Mama, kuna nini?"

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, ingawa alikuwa mdogo kwangu. Hofu iliniponyoka hivyo. "Hakuna kitu. Ila muhindi haubebi gunzi kichwani. Unabeba kiunoni, kama mama anavyobeba mtoto."

Darasa zima likalipuka. Nilijua kazi imeisha. Kumbe yule mwalimu alikuwa mtu wa aina nyingine. Aligeuka akaliangalia ubao, akafuta gunzi. Kisha akasema, "Ng'oa mmoja uulete humu ndani. Na udongo wake."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza darasani. Niliingia na miguu yenye matope, nimeshika muhindi kama mtu aliyekamata mwizi, na watoto arobaini na kitu wakanyoosha shingo. Nikawaonyesha mizizi, nikawaonyesha na ile inayotoka juu ya udongo kama vidole, ambayo mchoro haukuwa nayo. Mwalimu alikaa dawati la nyuma akiandika.

Mwalimu Felista ndiye aliyenifundisha kazi. Kila Ijumaa baada ya vipindi tulikaa kwenye ngazi za stoo, yeye ananipa maneno ya kitabuni na mimi nampa ya shambani. Nilijifunza kwake mzizi mkuu na mizizi ya pembeni, nywele za mzizi, kikonyo cha jani, chavua. Alinifundisha pia mambo mawili ambayo nayaona yamepungua siku hizi. La kwanza, usimpe mtoto jina la kitu kabla hajakishika. La pili, ukishauliza swali, funga mdomo. Mimi la pili lilinitesa. Mtu mwenye maneno mengi akinyamaza kidogo anaona dakika imekuwa wiki.

Nilibishana naye mara moja tu, kwa kiazi mviringo. Alisema kiazi ni shina. Nikamwambia mwalimu, mimi nimechimba viazi tangu sijaota meno ya ukubwani, kiazi kinatoka chini ya ardhi, kinachotoka chini ya ardhi ni mzizi, tusidanganye watoto wa watu. Alichukua kiazi na karoti, akaviweka dirishani kwenye stoo, akaondoka zake. Baada ya wiki tatu kiazi kilikuwa kimechipua kwenye kila jicho, kimepangilia vichipukizi kama tawi linavyopanga. Karoti ilikuwa imechipua juu tu, pale majani yalipokatwa, kwingine kote imenyauka. Nilipita pale dirishani kila siku nikijifanya natafuta reki. Nilikubali muhula uliofuata. Namna ya kukubali kwangu ilikuwa kuwafundisha darasa la tano kwamba kiazi ni shina, kwa sauti kubwa, yeye akisikia.

Vifaa vyangu vilikuwa hivi: jembe, panga, kisu cha jikoni, chupa za maji za plastiki zilizokatwa shingo ili mizizi ionekane pembeni, na lenzi moja ya shule iliyokuwa na ufa. Lenzi yenye ufa inamfanya mtoto aangalie kwa makini zaidi, sijui kwa nini. Mbegu zangu zilikuwa maharage. Kila mtoto analeta kopo lake, anapanda harage, analiona linapasuka, linainama, linanyanyuka na kofia yake. Wazazi wengine walilalamika. Baba mmoja aliniambia, "Mwanangu analima nyumbani, mimi nimemleta hapa asome." Nikamwambia, "Muulize jani linafanya kazi gani. Akikujibu kuliko unavyojua wewe, amesoma." Hakurudi kulalamika. Sijui kama aliuliza.

Mwalimu Felista alihamishiwa mjini, upande wa Mazimbu. Aliniachia lenzi. Nikabaki na maarifa yake bila yeye wa kunishika mkono, na hapo ndipo kiburi kiliponenepa. Walimu wapya walipofika kwenye mada ya sehemu za mmea waliniita, "Bibi Hadija, kipindi chako." Nikaona hiyo mada ni yangu kama jembe lilivyo langu.

Mwaka mmoja mbuzi waliingia wakati wa likizo wakala maharage yote, makopo arobaini, wakabakiza makopo. Nilikasirika. Nikajiambia, maharage ni kitu cha muda mfupi, mtoto hajakaa sawa yameshakufa. Nataka mmea utakaokua na mtoto, auone mwaka huu jani, mwaka kesho shina limeota gome, siku moja aone ua na tunda. Nikashuka Mkuyuni siku ya soko, nikaokota makokwa ya maparachichi kwa wachuuzi, gunia zima. Kokwa la parachichi ni mwalimu mzuri sana. Unalichoma vijiti, unalikalisha kwenye maji, linapasuka katikati, mzizi mkuu unashuka mweupe, umenyooka, halafu shina linapanda. Darasa la nne walikuwa wanafika asubuhi kabla sijafungua stoo. Nilijiona nimegundua kitu.

Masika yalipokolea nikahamishia miche kwenye viriba, ile mifuko ya kuoteshea, nikampa kila mtoto mmoja aende nao nyumbani. Nikawaambia: tafuteni mahali pa wazi penye jua, pasipotuama maji, mchimbe shimo la urefu wa mkono, mpande, mmwagilie kiangazi, na kila mwisho wa mwezi mje mniambie mti umefanya nini. Nilisimama getini nikiwaangalia wakipanda milima na viriba vyao, mistari ya watoto na majani mabichi kwenye njia zote. Nilijisikia vizuri sana. Sikumuuliza hata mmoja anakwenda kuupanda kwenye ardhi ya nani.

Sasa hili walimu mnaotoka mikoa mingine mlisikilize, kwa maana ninyi ni kama mimi. Huku milimani ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, wanaouita lukolo. Mtu anaweza kulima shamba ambalo si la ukoo wake. Anaomba kwa wenyewe, anapewa, kila mavuno anawapelekea kikapu kama heshima, na anaishi nao vizuri miaka hata thelathini. Anapanda mahindi, maharage, mihogo, vitu vya kuvunwa vikaisha. Mti wa kudumu hapandi. Akipanda mti amesema shamba ni langu, na hahitaji kufungua mdomo kulisema. Mimi nilikuwa nimeishi huku karibu miaka ishirini, kwenye nyumba ya shule, nalima kiwanja cha shule. Sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Baadaye niligundua wazazi kadhaa walikuwa wameing'oa miche yangu siku ile ile ilipofika, na hawakuniambia kwa kunistahi. Wengine walipanda kwenye ardhi za mama zao, haikuwa shida. Tatizo lilikuwa Devota.

Devota alikuwa mtoto mwembamba, mkono wake wa kushoto ndio wa kuandikia, na alikuwa na tabia ya kuhesabu kila kitu. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake, Emiliana, alibaki akilima shamba la ukoo wa marehemu kwa ruhusa ya Mzee Leopadi, mjomba wa marehemu, ambaye ndiye msimamizi wa ardhi yao. Hata Devota hakuhesabiwa wa ukoo ule, maana mtoto ni wa upande wa mama. Kwao Emiliana mwenyewe ni mbali, na ndugu zake wamejaa kwenye vipande vidogo. Kwa hiyo shamba lile ndilo lililokuwa chakula, sare na kila kitu. Wiki ile ya miche Emiliana alikuwa Matombo anamuuguza mama yake mzazi. Devota akaupanda mti wake peke yake, katikati ya shamba, mahali pa wazi penye jua, pasipotuama maji. Mihogo ikaja ikaufunika, na kipande kile Devota ndiye aliyeachiwa kukipalilia. Na kila mwisho wa mwezi alikuja kunipa taarifa: majani kumi na moja, majani kumi na tisa, tawi la kwanza. Mimi nikamsifu mbele ya wenzake.

Ulipita mwaka na nusu. Mwezi wa nane, Emiliana akang'oa mihogo, na mparachichi ukabaki umesimama peke yake, unamfika kiunoni, unang'aa. Kabla hajajua afanye nini, Mzee Leopadi alikuwa ameshapita njia ya juu.

Siku ya pili yake Emiliana alikuja shuleni. Nilikuwa na darasa la tatu bustanini. Hakusalimia.

"Nani kampa mwanangu mti?"

"Mimi."

"Basi na shamba nipe wewe."

Nikamwambia apumue, ni mti tu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mlevi.

"Huku hakuna mti tu, bibi. Mjomba amesema nikishamaliza mihogo iliyobaki nitoke. Ameniambia mbele ya watu, Emiliana, mume wako hajaoza na wewe umeshaanza kupanda miti. Nimewaapia sikuupanda mimi. Wanasema nimemtuma mtoto. Vuli inakuja, bibi. Nitapanda wapi? Kwenye kichwa chako?"

Watoto walikuwa wamesimama na makopo yao ya kumwagilia. Nikawatuma mtoni. Kisha Emiliana akanieleza yote niliyowaeleza hapo juu kuhusu ardhi, kwa maneno machache kuliko yangu, na kila neno lilinikalia. Alipomaliza nikamwambia nitakwenda kuongea na Mzee Leopadi mwenyewe. Akasema, "Uende, lakini uongee kidogo."

Jumapili baada ya misa wanaukoo walikutana shambani pale pale, wanawake wazee watatu, wanaume wachache, na Mzee Leopadi kwenye kigoda. Nilisalimia vizuri. Nikaanza vizuri pia. Nikasema kosa ni langu, mama wa mtoto hakuwepo, mtoto alifuata maagizo. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini niliona nyuso hazilegei, nikaongeza: "Huu hata si mti wa Emiliana. Huu ni mti wa shule."

Bibi mmoja akapiga kofi paja lake. "Haya! Kumbe shule ndiyo inataka shamba!"

"Sikusema hivyo."

"Mti wa shule, chini yake ardhi ya nani? Kesho mje na vigingi mpime!"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Emiliana aliniinamia sikioni. "Bibi, nyamaza. Unanimaliza."

Nikanyamaza. Mzee Leopadi aliwaacha wakachoka, kisha akaniuliza mimi, kwa upole ambao sikuupenda. "Bi Hadija, kwenu Singida mnapanda miti ovyo ovyo?"

"Mtu anapanda anapotaka."

"Ndiyo maana hakuna hata mmoja." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi huyu mkwe wangu nimekaa naye vizuri. Kikapu chake kinakuja kila mwaka. Lakini nikiuacha mti huu, wajukuu zangu watagombana na wajukuu zake, na mimi nitakuwa sipo wa kusema ilikuwaje. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Emiliana akachukua panga, akasema basi aukate mbele yao. Mzee akakataa.

"Ukikatwa kisiki kitachipua. Utang'olewa. Na ataung'oa huyu aliyeuleta. Wote, mpaka ncha ya mzizi. Ukitoka wote mbele ya macho yetu, nitajua hakuna kilichobaki humu, tutaongea habari ya Emiliana. Kikibaki kitu, hakuna mazungumzo."

Hiyo haikuwa mila, nimeuliza baadaye. Ilikuwa hasira yake tu, imevaa koti la mila. Lakini shamba lilikuwa lao na neno lilikuwa lake. Nikatuma mtoto shuleni alete zana zangu, nikavua viatu.

Mti wa parachichi wa kokwa una mzizi mkuu mmoja unaokwenda chini moja kwa moja. Nimelifundisha hilo mara nyingi kwa fahari. Siku ile nilitamani ungekuwa na mizizi ya muhindi, ningeung'oa kwa mkono mmoja. Nilichimba kwa jembe kuuzunguka, nikachimba kwa panga, halafu kwa kisu, halafu kwa vidole. Jua lilikuwa kali, udongo wa kiangazi mkavu kama tofali. Wale mabibi walikuwa wameleta mahindi ya kuchoma. Mmoja akanitania, "Chimba, mwalimu, huko chini ndiko Singida!" Nikamwambia nikifika nitamletea asali. Shimo likafika gotini, likafika pajani. Mzizi ukawa mwembamba kama kidole, halafu kama penseli.

Kisha ukakatika. Sikuusikia kwa sikio, niliusikia mkononi. Nilikuwa nimeuvuta kabla ya wakati, kosa ambalo ningemkaripia mtoto. Nilikuwa nimeinama ndani ya shimo, mgongo wangu umewaziba, hakuna aliyeona. Nikafikiri haraka. Kilichobaki chini hakiwezi kuota, najua mimi. Ni kipande kisicho na jicho. Emiliana anahitaji shamba. Nikaipaka udongo ile sehemu iliyokatika, nikainuka na mti wangu mzima mzima, nikamkabidhi Mzee Leopadi.

"Huu hapa."

Akaugeuza. Macho yake hayakuwa mazuri tena. "Umeisha?"

"Umeisha."

Nilimsikia Emiliana akishusha pumzi nyuma yangu. Mzee alikuwa ameshafungua mdomo kusema kitu. Na hapo Devota, ambaye siku nzima alikuwa amekaa kwenye rundo la udongo bila neno, akasema, "Bibi, hiyo siyo ncha."

Yeye akadhani hatukusikia. Akasogea, akafuta udongo kwa kidole gumba. "Umekatika. Ona, ni mviringo na ni mweupe ndani. Ncha inakuwa kama uzi, halafu ina nywele. Bado iko chini."

"Devota!" mama yake akamkemea kwa sauti ya chini, ile ya meno.

Mtoto akashangaa. Aliniangalia mimi, akisubiri niseme amejibu sawa, kama nilivyofanya siku zote. Mimi nikaanza kufuta kisu kwenye kanga.

Mzee Leopadi akamuuliza, "Nani kakufundisha hayo, mjukuu wangu?"

Akaninyooshea kidevu.

Mzee akaurudisha mti juu ya udongo. "Endeleeni," akasema.

Nilichimba tena, lakini shimo lilikuwa limekuwa jembamba chini na mikono yangu minene haifiki. Devota akaingia kichwa mbele, mama yake amemshika miguu, akichokoa na kisu changu cha jikoni. Alikaa humo muda mrefu. Alikuwa anaongea peke yake, "bado, bado, bado kidogo." Alipotolewa alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na mkononi ana kitu chembamba, urefu wa kiganja, kinaishia kama uzi. Akakilaza juu ya jani la mgomba, akaukamata mti, akaunganisha pale palipokatika. Vikakaa sawasawa. Akainua uso. "Sasa umeisha, babu."

Mzee Leopadi aliinama kwa muda juu ya lile jani. Kisha akamgeukia Emiliana.

"Ulijua kwamba umekatika?"

"Sikujua, mjomba."

"Ulitaka shamba?"

"Shamba ni lenu. Mimi nataka kulima."

Akawaangalia dada zake, wale mabibi watatu, mmoja mmoja. Yule wa utani akatikisa kichwa kukubali, huku anatafuna. Mzee akasema, "Basi lima. Mtoto huyu angekuwa amefundishwa kutuibia angekaa kimya." Akasimama, mtu akambebea kigoda. Alipofika kwangu akasimama. Nilikuwa nimechuchumaa tena ndani ya shimo naokota kisu, uso wangu unalingana na magoti yake.

"Bi Hadija, watoto unawaambia kweli. Sisi wazee tumekukosea nini?"

Akaenda zake.

Emiliana hakunishukuru wala hakunitukana. Alichukua jembe langu akaanza kufukia shimo, akaniambia, "Toka humo, nisije nikakufukia na wewe." Tukafukia wote watatu.

Jumatatu niliingia darasa la tano na ule mti uliokatika. Nikaulaza mezani vipande viwili, nikawaambia nani aliukata, na nani alisema haujakatika, na nani alisema ukweli. Nilimwona mwalimu wa darasa anatazama dirishani kwa aibu yangu. Mtoto mmoja akauliza, "Bibi, ulipigwa?" Nikasema hapana. Akaonekana hajaridhika.

Tangu hapo nilirudi kwenye maharage na makopo. Na kabla mtoto hajaondoka shuleni na kitu chochote chenye mzizi, nilimtuma kwanza kwa mama yake na swali moja, na nilisubiri jibu lirudi kwa mdomo wa mama mwenyewe, hata kama ni wiki mbili. Wewe uliyeshika jembe langu, fanya hivyo. Usiniambie dunia imebadilika na watu wana hati siku hizi. Uliza tu, halafu funga mdomo.

Emiliana bado analima pale. Kwa miaka kadhaa alikuwa akipita shuleni bila kusimama. Kisha siku moja ya kiangazi alinitupia muhogo mmoja mezani, mkubwa kama mguu wa mtoto, umenyooka, haujavunjika popote. Akasema umetoka pale nilipochimba, na kwamba mihogo ya pale hang'oi kwa jembe, anavuta tu kwa mkono, maana udongo umelainika mpaka chini.

"Mingine yote shambani inanikatikia," akasema. "Njoo siku moja uchimbe na kwingine."